Kuku Niliyemrudisha Kabiro

Wanawake wenzangu wa mkutano, mmeniuliza kisimani, mmeniuliza shambani, na wawili wenu mmeniuliza hata katika nyumba ya ibada, mahali tunapopaswa kunyamaza. Nimechoka kujibu kipande kipande. Mjukuu wangu Nekesa ameketi hapa na kalamu. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, lakini kusema najua, na nitasema mara moja tu. Yeye atawasomea. Akishamaliza, asiniulize mtu tena.

Habari za kukata tiketi na za nani alinichangia nauli siwapi, hizo haziwahusu.

Mgeni mwenye kuku

Ilikuwa baada ya palizi ya pili. Nilikuwa uani nikipepeta mtama, akaingia mwanamume mrefu nisiyemjua, vidole vyake vimejaa makovu, redio ndogo ya kaseti ikining'inia begani, kuku mweusi kwapani. Akavua kofia, akapiga magoti. Mtu mzima kunipigia magoti! Nikamwambia ainuke upesi.

"Mama," akasema, "mimi ni Ochieng'. Nimetoka Nairobi, Kawangware, hapo Kabiro. Naunda masanduku ya bati. Nimekuja kwa dawa."

"Dawa ya nini? Zahanati umeipita pale barabarani."

"Si hiyo, Mama. Ile yako." Akainamisha kichwa kama mtu anayejua siri. "Usiniogope. Mimi si polisi."

Nikamwuliza amekunywa nini. Alibonyeza redio yake, na sauti ya mwanangu Barasa ikatokea humo, nene, ikitetemeka, mwanangu niliyemzaa mwisho na kumbeba mgongoni miaka miwili kwa sababu ya miguu yake dhaifu.

Sauti ile ilisema kwamba mama yake, Nasimiyu, ni mganga anayejulikana kilima kizima. Kwamba usiku anawaita wafu kwa majina. Kwamba yeye, Barasa, alilala utoto wake wote juu ya kitanda chenye mafuvu ya ndege uvunguni, na hakulijua jina la Mungu mpaka alipofika Kawangware. Watu wakasikika wakilia. Naye akalia. Kisha akapaza sauti: "Lakini leo najua mimi ni nani! Leo najua nilizaliwa kwa kazi gani!" Watu wakapiga vigelegele.

Uvungu wa kitanda changu mnaujua. Humo mna viazi vya mbegu.

Nanyi mnajua mtoto yule alivyolelewa. Dini yetu haina beseni la maji ya ubatizo wala meza ya mkate wa Bwana. Tunakaa, tunanyamaza, tunamngojea Mungu, na anayepewa neno anasimama kulisema. Marehemu mume wangu alikalia benchi la mbele mpaka kufa kwake, na Barasa alikua kati yetu wawili juu ya benchi lile lile, akijifunza kukaa bila kutikisa miguu. Kumwita Mungu aliniiga mimi kabla hajajua kufunga kifungo cha shati.

Nilichukua mwiko. Ochieng' alikimbia akavuka ua na redio yake, akamwacha kuku amefungwa kwenye mguu wa ghala. Shida iliyomleta sikuiuliza. Mtu akinijia na shida yake akiwa ameongozwa na uongo, kwanza uongo utoke.

Ninyi mkaniambia, "Mchinje kuku, Nasimiyu, yaishe." Yule alikuwa malipo ya uganga. Kumla ni kukubali. Nikamfunga miguu kwa kamba ya katani, nikasema atarudi kwao, nami nitampitisha kwanza kwa Barasa amwone.

Webuye hadi Kibera, kwa gari la moshi

Gari lilichelewa kufika Webuye, likachelewa kuondoka, na lilipoondoka likaenda kama lililolazimishwa. Nilikaa dirishani, kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha miguuni, kuku mapajani.

Mbele yangu aliketi kijana mwenye tai. Tulipoipita Eldoret akasimama katikati ya behewa, akahubiri kwa sauti ya mnada, kisha akaanza kuuliza mmoja mmoja. Akanifikia.

"Mama, umeokoka?"

"Keti, utaanguka."

"Mama, nauliza kwa upendo. Unajua wewe ni nani mbele za Mungu?"

"Naitwa Nasimiyu, kwa kuwa nilizaliwa kiangazi. Mungu alikuwepo siku hiyo, hahitaji kuambiwa."

Watu wakacheka. Kijana hakukata tamaa. "Na kusudi la maisha yako? Umelijua?"

"Kusudi langu leo ni kumfikisha kuku huyu Nairobi akiwa hai."

"Amina!" akasema, akafurahi kwelikweli. "Mnaona? Mama huyu anapeleka sadaka kwa mtumishi wa Mungu!"

Sikupata nafasi ya kumrekebisha. Mbele ya Nakuru gari lilisimama nyikani. Behewa la mizigo lililotutangulia lilikuwa limeacha reli. Tulikaa pale jua likapanda, likashuka. Maji ya behewa yakaisha. Wauzaji wakatokea vichakani na mahindi ya kuchoma na maziwa ya chupa, wakauza kwa bei ya watu wasio na pa kwenda. Kijana mwenye tai hakuwa na kitu. Nikampa viazi, akavila pamoja na maganda, na alipokuwa akitafuna ndipo nilipomwona kuwa ni mtoto wa mtu.

"Wewe ushuhuda wako ni upi?" nikamwuliza.

Akatazama chini. "Mimi sina sana, Mama. Wazazi wangu ni watu wa kanisa. Sikuiba, sikunywa. Nikisimama kusema, watu wanasinzia." Akapangusa mdomo. "Kuna ndugu mmoja wa Kawangware, mama yake mganga. Huyo akisema, watu wanaanguka. Nimeisikia kanda yake. Natamani ningekuwa na ushuhuda kama ule."

Kisha nikamnyang'anya kiazi cha mwisho, nikampa kuku.

Asubuhi ya pili tuliingia Kibera. Ninyi mnaofikiri reli ni mahali pa gari peke yake, kule watu wanauzia juu yake: nyanya, viatu vya mitumba, samaki wa kukaanga. Gari lilipiga honi, wakasogeza bidhaa zao bila haraka, kama unavyompisha mzee njiani. Likasimama pale likisubiri njia ifunguliwe, watu wakaanza kuruka chini na mizigo yao. Kwa kuwa mwanangu alikaa Kibera, sikuona sababu ya kwenda kumtafuta mbele. Nami nikashuka juu ya kokoto, kuku mkononi.

Kianda

Kianda ni upande wa magharibi wa Kibera. Nyumba zimepangwa chumba kwa chumba, na mbele ya kila mlango kuna mtu anauza, anashona au anafua. Vijana walikuwa wamekaa kwenye daraja la mtaro.

"Niaje, shosho! Unasaka nani, bibi, na hiyo kuku?"

"Sijui kusaka. Namtafuta Barasa, fundi wa viti."

Wakatazamana. "Fundi wa viti? Hapa hakuna Barasa wa viti."

"Mrefu. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo."

"Aaah! Evangelisti! Si ungesema hivyo, shosho. Yule ni mtu mkubwa. Hiyo mambo ya viti aliacha kitambo."

Randa na msumeno alivirithi kwa baba yake, wanawake wenzangu. Meza ya katibu wa mkutano, mnayoiegemea kila Jumapili, ni kazi ya mikono yake.

Chumba chake kilikuwa na kufuli. Jirani, mwanamke wa kutoka ziwani aitwaye Mama Atieno, akanikaribisha kwake. Alikuwa mchangamfu, akanipa kiti na maji, akamweka mtoto wake mdogo karibu nami amshike kuku mkia. Akanieleza kwamba Barasa yuko Kawangware, kanisani Gatina, na atalala huko, kwa kuwa kesho yake Jumapili atasimikwa kuwa mwinjilisti rasmi, apewe tawi lake la kanisa.

"Na wewe, Mama, ni nani wake?"

"Ni mama yake."

Nilimwona uso ukimbadilika. Akamvuta mtoto kwa mkono, akamtuma kwa jirani wa tatu, na mtoto hakurudi tena siku hiyo. Chakula alinipikia, siwezi kumsingizia: ugali na dagaa wa omena, na sukuma wiki yenye nyanya nyingi. Lakini yeye alikula jikoni, nami nikala peke yangu mlangoni, na nilipomaliza, kikombe nilichonywea alikibeba kwa ncha mbili za vidole akakitupa mtaroni.

Nimezika watoto wawili na mume. Nimepita njaa. Hakuna mtu aliyewahi kutupa kikombe kwa sababu mdomo wangu umekigusa.

Usiku ule nililala mkekani karibu na mlango, hasira ikiwa ndiyo shuka yangu.

Kwa miguu hadi Gatina

Mama Atieno alikubali kunionyesha njia, kwa kuwa alisali huko huko. Alitangulia mbali mbele, akigeuka mara kwa mara, kama mtu anayemwonyesha njia fahali asiyemwamini. Tulipanda hadi kituo cha Olympic, tukavuka barabara ya Ngong, na pale Dagoretti Corner nikakataa kuendelea mpaka ninywe chai. Akalazimika kukaa nami benchi moja. Muuza chai alituletea mandazi ya moto.

"Mama," akasema bila kunitazama, "nikuulize kitu. Ulimfanya nini huyo kijana?"

"Nilimlisha."

"Sasa kwa nini aseme vile?"

"Ndilo swali ninalolipeleka."

Kisha akalisukuma andazi lake la pili upande wangu. Sikulichukua. Hasira yangu ilikuwa haijashuka kiasi cha kula la mtu aliyetupa kikombe.

Kawangware Jumapili ni ngoma na vipaza sauti. Kila kona kuna kanisa, na kila kanisa linataka lisikike kuliko la jirani. Wengine wamevaa kanzu nyeupe na kubeba bendera, wengine suti. Nilijiuliza, Mungu akitaka kusema neno dogo katika mtaa huu, atalipitishia wapi?

Ndani ya kanisa la mabati

Kanisa lilikuwa refu, la mabati pande zote, limepambwa kwa karatasi za rangi. Mlangoni mhudumu mwenye utepe akamwona kuku.

"Bwana asifiwe, cucu, bibi yetu! Hiyo ni sadaka? Lete niipeleke mbele."

"Huyu ana mwenyewe."

"Wote tuna Mwenyewe, cucu, amina!" Akaninyooshea mkono. Nikamkaza kuku kwapani, naye akaona afadhali anipeleke benchi la nyuma.

Kiongozi wao walimwita Mtume. Jina lake sikulishika wala sikujaribu. Alizungumza muda mrefu juu ya mtu kujua yeye ni nani: kwamba wewe si kabila lako, si kazi yako, si chumba unachopanga, wewe ni mwana wa Mungu, na una kazi uliyoumbiwa. Maneno yenyewe yalikuwa mazuri. Nayakubali hata leo. Ndiyo maana nilizidi kukasirika, kwa kuwa alipomaliza alisema, "Sasa mtamwona mtu aliyetoka gizani," akamwita mwanangu.

Barasa akapanda jukwaani amevaa suti ya kijivu. Amenenepa. Akashika kipaza sauti, akaanza na habari za kilima chetu, za nyumba yangu. Alipofika kwenye kitanda, akainua macho akaniona.

Nataka mlielewe hili vizuri. Aliniona. Akasita. Nikasema moyoni, sasa atanyamaza. Akashusha macho kwenye viatu vyake, akaendelea: "Na chini ya kitanda kile, ndugu zangu…"

Kwetu, mtu akisema uongo mkutanoni hatumzomei wala hatumkatizi. Mzee wa benchi la mbele anasimama wima, hasemi neno, anabaki amesimama mpaka msemaji aketi. Mume wangu alisimama hivyo mara mbili maishani mwake, na mara zote mbili Barasa alikuwa pembeni yake, mdogo, ameshika pindo la koti. Hakuna mwingine katika kanisa lile la mabati aliyejua maana yake. Mtu mmoja tu alijua.

Nikasimama.

Barasa akaongeza sauti. Nikabaki nimesimama. Waliokuwa karibu wakageuka, wakamwona mwanamke mzee, mkimya, jicho kavu, kuku mweusi kwapani. Mama Atieno akafunika mdomo. Minong'ono ikapita benchi kwa benchi mpaka ikafika jukwaani: ndiye mama yake, ndiye yule mganga, amekuja na vifaa vyake.

"Mama!" Mtume akaita kwa kipaza sauti cha pili. "Umekuja kwa amani?"

Sikujibu. Aliyesimama kwa ajili hiyo hajibu.

"Sema jina lako!"

Kimya.

"Ni pepo bubu!" akapaza sauti. "Amefungwa ulimi! Wahudumu, mwekeeni mikono!"

Wakanizunguka. Mikono kichwani, mikono mabegani, mate usoni. "Toka! Ashindwe! Toka, pepo bubu!" Mmoja alinisukuma paji la uso nianguke kama wanavyoanguka wengine, lakini nimelima milima, siangushwi kwa kidole. Kuku akapiga mabawa, manyoya yakaruka, mwanamke mmoja akazimia kwa hofu, na hilo nalo wakalihesabu kuwa ushindi. Mimi nilimtazama Barasa peke yake. Nilikuwa nimeazimia kufa nimesimama pale pale kama hataketi.

Alikuwa ameacha kusema. Mtume akamwambia, "Endelea, Mwinjilisti! Shetani amekuja kukuzuia siku yako!" Watu wote wakashangilia kumtia nguvu. Kazi yake yote ilikuwa mkononi mwake, na tawi lake, na jina alilolipata katika mji usiomjua. Kilichotakiwa ni sentensi moja tu.

Akakiweka kipaza sauti chini. Akaketi palepale jukwaani, juu ya mbao, kama mtoto.

Wakadhani nimemwangusha. "Mnaziona nguvu za giza!" Mtume akalia. Barasa akasema kitu, lakini bila kipaza sauti hakusikika ila na waliokaa mbele. Wakamwambia arudie. Akarudia kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya kwenye kanda:

"Si mganga. Hajawahi kuwa. Huyu ndiye alinifundisha kuomba. Mimi ndiye nimewadanganya."

Alipoketi, kazi yangu ya kusimama ikaisha. Nikafungua kinywa. "Mnaweza kuondoa mikono yenu," nikasema. "Na huyo wa kushoto akatafute maji, anywe, pumzi yake inanuka njaa."

Hakuna aliyetuzuia kutoka. Mtume alikwisha kugeukia wimbo.

Nje, mbele ya kibanda cha mkaa, Barasa alinigeukia kwa ukali. "Mama, umeniharibia! Unajua nilikaa miaka mingapi hapa nikiunda viti, hakuna mtu anauliza hata jina langu? Siku niliyosema ile hadithi, watu walilia. Walinishika mkono. Nikawa mtu!"

"Ukawa mtu yupi?"

"Mtu wa Mungu!"

"Mungu gani anayehitaji umwue mama yako ndipo akutambue?"

Mama Atieno alikuwa ametufuata. Alisimama akimtazama Barasa kama mtu aliyeibiwa.

"Mimi nilikuwa napika chang'aa," akamwambia. "Nilisikia huo ushuhuda wako nikamwaga mitungi yote. Nikasema, kama mtoto wa mganga anaweza, hata mimi naweza. Sasa ni uongo. Mimi nifanye nini, Barasa? Nirudie?"

Barasa akafunika uso kwa mikono. Nikajibu mimi. "Uongo ni wake. Pombe uliyoimwaga ni ya kweli. Usiirudie, nitakuja kukuuliza."

Akanitazama. Kisha akaja akanishika mkono kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole. "Mama, nisamehe kile kikombe."

"Kilikuwa kikombe kizuri," nikasema. Zaidi ya hapo sikumpa, lakini mkono sikuuondoa.

Kabiro

Kuku bado alikuwa kwapani, na nilikuwa sijamaliza. Nikamwambia Barasa ambebe yeye. Akambeba, katika suti yake ya kijivu, njia nzima kutoka Gatina hadi Kabiro, watu wakimwita, "Mwinjilisti, leo ni sikukuu?" naye akiitikia kwa kichwa.

Ochieng' tulimkuta mbele ya kibanda chake, kati ya masanduku ambayo hayajakamilika. Aliponiona akarudi nyuma hatua mbili. Nadhani aliukumbuka mwiko. Alipomtambua Barasa, akasimama.

"Huyu ni kuku wako," nikasema. "Mimi si mganga. Mwanangu atakueleza."

Barasa akamweleza. Alieleza vibaya, akianza na kurudi nyuma, lakini alieleza yote. Ochieng' alisikiliza akigeuza nyundo mkononi.

"Kwa hivyo hakuna dawa."

"Hakuna," Barasa akasema.

"Na kwa kanda, si ulilia?"

"Nililia."

"Sasa ulikuwa unalilia nini, bwana?"

"Nililia kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza."

Ochieng' hakucheka wala hakutukana. Akatupa masanduku mawili tukae. Hapo ndipo aliposema shida iliyomtoa Kabiro mpaka kilimani kwetu. Mke wake alifariki baada ya mavuno ya mwaka uliopita. Tangu hapo kazi haimtii. Bati linateleza, kona hazikutani, wateja wanarudisha masanduku. Alidhani amerogwa.

Barasa akasimama, akafumba macho, akainua mikono, akaanza kwa ile sauti nene: "Ee Baba wa mbinguni, tunavunja kila—"

"Nyamaza," nikasema. "Kaa."

Akakaa. Tukanyamaza wote watatu. Msidhani palikuwa kimya. Makanisa matatu yalikuwa yakishindana kwa vipaza sauti, na kuku alikuwa akilalamika. Lakini sisi tulinyamaza. Nilimwona Barasa akitikisa mguu, kisha akakumbuka, akauacha utulie. Ochieng' machozi yalimtoka polepole, akayaacha. Baada ya muda akasema, kama anajisemea, "Yeye ndiye alikuwa ananishikia ncha ya bati. Mimi nikipiga, yeye anashika huko."

Barasa akainuka, akaenda upande wa pili wa bati lililokuwa juu ya fuawe, akalishika ncha kwa mikono miwili. Ochieng' akainua nyundo.

"Leo ni Jumapili," nikasema.

Wakaacha. Ninyi mtaniona mkali, najua mtatazamana. Siku ya Bwana ni siku ya Bwana, hata Kabiro. Lakini Jumatatu alfajiri, nilipoamka Kianda, mkeka wa Barasa ulikuwa mtupu, na Mama Atieno akaniambia amemwona akipanda kuelekea Olympic akiwa na shati la kazi.

Kuku, Ochieng' alikataa kumpokea akisema alikwisha kumtoa. Nikamfunga kwenye mguu wa fuawe, nikaondoka. Sibishani juu ya kuku.

Nyumbani

Njia ya kurudi haina la kusimulia. Gari lilikuja kwa wakati, jambo lililonishangaza. Barasa alinisindikiza hadi stesheni. Kabla sijapanda aliniuliza, "Mama, umenisamehe?"

"Hapana," nikamwambia. "Jina langu liko ndani ya redio za watu nisiowajua. Uwatafute. Kila mwenye kanda, nenda mlangoni kwake kama ulivyokwenda kwa Ochieng', ukamwambie. Kisha uje nyumbani, useme mkutanoni mbele ya wanawake wenzangu."

"Nitasema nini, Mama? Sina ushuhuda tena. Watu watasinzia."

"Waache wasinzie."

Akaniuliza la mwisho, honi ikilia: "Sasa mimi ni nani?" Hakuuliza kwa hasira. Nikamjibu nikiwa nimeshika chuma cha mlango: "Ni wa Mungu tangu kabla sijakuzaa, na baba yako alikuambia hivyo kila siku kwa mdomo wake. Kama kazi unaitafuta, umeiacha juu ya fuawe."

Sasa mmejua. Hasira yangu haijaisha, na msinitumie watu wa kunibembeleza. Nimepata habari kwamba anaendelea kushika bati asubuhi, mchana anazungukia milango ya watu, na kwamba baadhi wanamfukuza. Vema. Wengine, nasikia, wanamwambia aingie, akae.

Atakuja wakati wa mavuno, na siku hiyo atasimama katika mkutano wetu kusema alichotenda na yeye ni nani. Nawaomba msipige vigelegele, wala msilie, hata akisema vizuri. Mimi nitakuwa kwenye benchi la mbele, mahali pa baba yake. Akiongeza neno moja lisilo la kweli, nitasimama.